Bosi Qiu na Fundi Wake

Kondakta Guilan alikuwa akikata tiketi ndani ya basi pale mwanamume mwenye koti la manyoya alipomwachia kiti bibi aliyebeba kabichi. Jiji zima la Shenyang lilimjua mwanamume huyo: ndiye aliyenunua kiwanda cha pampu, akapunguza wafanyakazi. Leo gari lake lilikuwa limegoma.

"Kaa, fundi wangu," alisema. Bibi akakaa. "Asante, Bosi Qiu." "Niite Qiu mdogo, kama zamani. Si wewe uliyenifundisha kushika tupa?" "Qiu mdogo alikuwa mwanagenzi wangu. Aliyenipunguza kazini ni Bosi Qiu." "Kiwanda kilikuwa kinakufa, fundi." "Mimi sibishi, Bosi. Nakuita kwa cheo chako tu."

Guilan hakuwahi kusikia heshima inayochoma namna ile. Tajiri wa watu alikuwa amenywea kama mtoto aliyevunja sahani.

Basi liliposimama, bibi alitua kabichi zake, akamwinamisha tajiri kwa kumvuta ukosi, akamfunga kifungo cha kooni, taratibu, huku amemkunjia uso.

"Miaka yote hii," alisema, "na kifua bado unakiacha wazi kwenye baridi, Bosi."

Akabeba kabichi zake, akashuka.