Kiti cha Pembeni Uwanjani

Machi ile ya 2004, basi la kwenda mtaa wa Tyseley lilikuwa nusu tupu. Mahad, ambaye hakuwa amepata wa kuongea naye Kiswahili tangu ahamie Birmingham, alitega sikio bila haya. Kwenye kiti cha mbele yake mama mmoja Mkongo alikuwa akimsuta mzee asiyemjua, kisa skafu ya timu ya hoki ya barafu aliyoishika mzee huyo. Mchezo huo Mahad aliujua kama alivyowajua majirani zake wa mtaani Ladywood: kwa kelele tu.

"Papa, timu imefungwa msimu muzima, na wewe uko unaenda tu kwenye baridi ile? Unatafuta nini kule?"

Mzee aliikunja skafu taratibu. "Kuko muzungu moja, muzee kama miye. Kiti yake iko pembeni ya yangu. Jina yake sijui. Bao ikiingia, ananikumbatia nguvu, na miye namukumbatia. Tangu madame yangu alikufa, hakuna mutu mwengine ananigusa. Sasa huu mwaka mabao imekuwa kidogo sana."

Mama alicheka, kisha akaacha. "Basi fuata timu yenye kushinda!"

"Na yeye nimuache na nani?"

Mahad, ambaye hakuna aliyemuuliza, alitamani kumwekea mzee mkono begani, walau amwambie pole. Basi likasimama kituoni kwake. Akainuka, akapita, begi lake likamgonga mzee begani.

"Sorry," akasema kwa Kiingereza, akashuka.