Tangi la Bibi Harusi

Kalondu alikuwa ametoka harusi ya rafiki yake huko Kilungu. Ndani ya basi alikaa nyuma ya akina mama wawili wasiojuana, nao walikuwa wametoka harusi ileile.

"Pasta anamuuliza bibi harusi anatarajia nini kwa bwana yake, naye anajibu tangi la maji!" alilalamika mwenye kitambaa cha kijani. "Si angesema upendo? Mimi nilimwonea mama yake aibu."

"Mama, kwenu mnachota maji ya mfereji?" aliuliza mwenzake, kikapu chake cha kiondo kikiwa mapajani.

"Ndiyo, bomba liko uani."

"Nilijua tu. Mimi nimefukua mchanga wa mto miaka ishirini na miwili nikitafuta maji. Mzee wangu ananipenda sana. Ananipenda akiwa amekaa kivulini."

Kalondu alibana kicheko. Mkobani alikuwa na karatasi aliyopewa na pasta aijaze kabla ya harusi yake mwenyewe mwezi wa nane: anatarajia nini katika ndoa? Alikuwa ameandika tangi, kisha akalifuta kwa aibu na kuandika upendo, kitu ambacho Musembi, mchumba wake, angeweza kumpa bila kuinuka kitini.

"Lakini ndoa si maji," alisema wa kijani basi liliposimama Matiliku.

"Ngoja kiangazi," alijibu wa kiondo, akashuka.

Kalondu aliomba kalamu kwa kondakta, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Upendo aliuacha palepale. Chini yake akaandika: na tangi, galoni elfu moja.