Choo Kinang'aa

Kinyozi alijifanya anasinzia, kumbe masikio ameyatega kwa wanawake wawili waliokaa mbele yake kwenye treni.

"Mume wangu ni fundi mwashi," alifoka yule mwembamba. "Daktari kanikuta na trikomona, kidudu cha zinaa, akasema tumeze dawa wote wawili. Bwana huyo akasema yeye haumwi popote, mbaya ni choo! Akakibomoa, akajenga kipya cha vigae. Choo kinang'aa, mimi nawashwa mara ya tatu!"

"Lakini dada," alisema jirani yake, "kama haumwi, utamlazimishaje?"

"Haumwi, lakini kidudu anacho! Wanaume wengi hawahisi kitu. Mimi natibiwa, yeye ananirudishia. Halafu ana uso mkavu wa kuniuliza nimekitoa wapi!"

Kinyozi akausukuma mfuko wake chini ya kiti kwa kisigino.

Treni ikasimama, wale wawili wakashuka bado wanabishana. Kinyozi akauvuta mfuko wake, akashuka nyuma yao. Ndani mlikuwa na brashi mpya ya choo na lita mbili za dawa ya kusugulia. Vidonge alivyoletewa na mkewe vilikuwa nyumbani juu ya kabati, bahasha haijafunguliwa.