Namba ya Mzee Anatoli

Boti kutoka Ilagala ilikuwa inakaribia Katonga. Leonida, abiria aliyeketi jirani, alijifanya anatazama ziwa, lakini masikio yake yote yalikuwa kwa Mzee Anatoli, mwenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kufika kwenye ini. Mzee alikuwa amembembeleza abiria mwenzake, mama mmoja mpimaji wa maabara, amsomee majibu ya damu.

“Namba ya alama ya saratani kwenye damu yako imepanda sana, mzee. Ugonjwa unakwenda mbio.”

“Mbio za nani? Juzi niliongezewa chupa mbili za damu ya mkimbizi wa kambini, kijana wa kuweza kusukuma boti hii peke yake. Labda namba ni yake!”

Watu wakacheka, na mama naye akacheka. “Hapana, mzee. Alama hii inatoka kwenye uvimbe wako.”

“Basi niambie, nipande michikichi ya kungoja miaka, au mihogo?”

“Damu haihesabu miezi. Wengi wenye namba hii hawakai sana. Wachache hukaa.”

“Na mimi ni wa wengi au wa wachache?”

Leonida akasahau aibu yake, akageuka kumtazama mama usoni. Boti ikagusa mchanga. Abiria wakainuka na mizigo yao, ila hao watatu.