Ukuta wa Meko na Kosa la Aliyeuchora

Wapendwa waombolezaji, wazee wetu, majirani na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia inawasomea maisha ya mama huyu kama yalivyokuwa, kwa tarehe zake na vipimo vyake, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kusikia jambo linalosemwa kwa kukisia, naye alikuwa akisema kwamba Mwenyezi Mungu aliyeziweka nyota kwa hesabu hakumuumba mwanadamu aishi kwa kubahatisha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne na binti wa pekee wa baba mpasua mbao na mama mfuma sweta, na kaka zake wanasimulia kwamba alijua kupima kabla hajajua kusoma, kwani baba yake alimfundisha kuhesabu kwa futi kamba ya kiwandani, akawa anapima vitanda, milango, na hata kaka zake wakiwa wamelala, kisha asubuhi anawatangazia nani ameongezeka na nani amedumaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, sekondari hadi 1970, kisha akajiunga na chuo cha ufundi mwaka 1971, mwanamke mmoja katika darasa la watu thelathini na mmoja, ambako wenzake walimuuliza wiki ya kwanza kama amepotea njia ya darasa la upishi, naye akawajibu kwamba hapana, amekuja kuwajengea jiko wanaotaka kupika, na mwaka 1973 alipohitimu wa kwanza hapakuwa na aliyeuliza tena.

Tarehe 2 Januari 1974 aliajiriwa katika ofisi ya ujenzi ya halmashauri, katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili kinachotazama ngazi, akiwa msaidizi wa mkaguzi wa majengo na baadaye mkaguzi mkuu, na hapo alikaa hadi alipostaafu tarehe 31 Mei 2011. Mafundi walimwita Mama Bomoa, wengi wenu hapa mnalijua jina hilo, na wengine mlilitunga ninyi wenyewe, mkisema kwamba wahenga walionya usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwa Mama Bomoa hata ukiziba ufa ukuta utaujenga upya. Hakubomoa kwa hasira wala kwa kujionyesha, bali alikuwa akichutama kando ya fundi, akimwonyesha kosa kwa kidole, akimweleza ni mtoto wa nani atakayelala chini ya ukuta ule, na ndipo alipoandika karatasi nyekundu ya kuikataa kazi. Mwaka 1989 aliukataa ukuta wa darasa uliopinda kwa upana wa vidole viwili, na fundi mwashi aliyeujenga, kijana mrefu asiye na maneno mengi, akaubomoa siku ile ile bila kununa, na baada ya wiki akaja ofisini akasema, "Shikamoo mama, ukuta wako uko tayari, njoo uupime tena," na jioni hiyo marehemu aliiambia familia yake kwamba leo ameona fundi.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mume wake, fundi saa, ambaye yuko mbele yetu hapa, nao wakajaliwa watoto watatu, binti wa kwanza ambaye ni muuguzi, mtoto wa kiume ambaye ni dereva wa malori, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, na wajukuu saba, ambao kila mmoja anao mstari wake wa penseli na tarehe kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Fundi saa huyo alifanya kazi sebuleni, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, na kuanzia mwaka 2008 baridi ya mji huu ilianza kumkakamaza vidole, hata bisibisi nyembamba kama sindano ikawa inamponyoka, na saa za watu zikawa zinalala mezani bila kuguswa, ndipo marehemu alipoamua kwamba kabla hajastaafu atamjengea mume wake meko ya kuotea moto, na ukuta mzima wa mawe kuyazunguka, kutoka sakafuni hadi darini, ukiwa na shubaka la vitabu kushoto na shubaka la saa kulia.

Namna alivyoupanga ukuta huo ndiyo iliyowafanya majirani wacheke kwa muda mrefu, kwa sababu mwezi wa Septemba 2010 alichukua magazeti ya zamani, akayakata kwa vipimo kamili, akayabandika ukutani kama meko yenyewe, mdomo wake, rafu yake na mashubaka yake, akaiamuru familia iishi na meko hayo ya karatasi miezi minne, ili ijulikane nani atakaa wapi na nani atamziba nani. Mama mkwe wake, Mungu amrehemu, kila jioni alivuta kiti mbele ya magazeti yale, akanyoosha mikono, akasema, "Mkwe wangu, moto wako huu hauli kuni wala hauachi majivu, nilikuwa wapi siku zote?" Na katika miezi hiyo ilionekana kwamba mdomo wa meko ni mwembamba mno, aketiye mezani hauoni moto, basi marehemu akaongeza vipande vya gazeti, leo kidogo, kesho kidogo, hata mdomo uliokuwa na upana wa sentimita sabini na tano ukafika mia moja na ishirini, kila mtu akafurahi. Lakini dohani, yaani njia ya kupandishia moshi, ilikuwa imechorwa kwenye karatasi nyingine iliyokaa ndani ya droo, nayo ilibaki na kipimo chake cha mwanzo, sentimita ishirini na mbili kila upande, ambacho kwa mdomo wa kwanza kilitosha, na kwa mdomo wa pili hakikutosha hata kidogo.

Fundi mwashi yule wa mwaka 1989 ndiye aliyeitwa kujenga, kwa sababu marehemu hakumtaka mwingine, naye alipofika usawa wa rafu aliweka mwiko chini akasema, "Mama, mdomo umepanuka, koo limebaki lile lile, moshi huu utapita wapi?" Marehemu, ambaye hakuwa amezoea kuulizwa, alimjibu, "Fundi, nimepima nyumba za watu tangu hujaota ndevu, jenga nilichochora," na fundi akajenga alichochorewa, jiwe kwa jiwe, bila kupunguza wala kuongeza.

Jumamosi tarehe 7 Mei 2011 moto uliwashwa kwa mara ya kwanza, mbele ya wafanyakazi wenzake waliokuja kumuaga na ndugu zaidi ya arobaini, na kwa muda mfupi watu walishangilia, kisha moshi ukageuka, ukarudi sebuleni, ukajaa hadi watu wakawa wanatafutana kwa sauti, na binamu mmoja akapiga kelele kutoka kwenye kochi, "Jamani, tumealikwa sherehe au tumeletwa kukaushwa kama samaki?" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na kabla hawajafika uwanjani mmoja alikwisha kumbatiza fundi jina la Fundi Moshi, na Jumatatu jina lilikuwa limefika kwenye duka la saruji, na wiki haikuisha kabla wenye nyumba wawili hawajamwambia asije tena.

Marehemu alifungua ile droo jioni ya sherehe, akaiona karatasi ya dohani, akajua. Akanyamaza siku tisa. Familia haifichi hili, kwa sababu yeye mwenyewe hakutaka lifichwe, kwamba zilikuwa zimebaki siku ishirini na nne astaafu na jina safi la miaka thelathini na saba, na nafsi, ambayo ni mpima mdanganyifu kuliko wote, ilimwambia asubiri. Siku ya tisa fundi alikuja, akiwa amevua kofia, akaomba ruhusa ya kuibomoa dohani na kuijenga upya kwa jasho lake, akisema, "Huenda mkono wangu ulikosea, mama, nisamehe," na mume wa marehemu anasema katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mkewe akilia kama alivyolia hapo. Siku ile ile marehemu alichukua karatasi nyekundu ya ofisi, akaibandika kwenye ukuta wake mwenyewe, imeandikwa kwamba kazi imekataliwa, kosa ni la mchoraji, fundi alionya hakusikilizwa, na nakala akazipeleka ofisini na kwenye duka la saruji kwa miguu yake.

Na hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu, kwa maana watu walisoma karatasi ile wakamsifu, wakasema tazameni moyo wa mama huyu, anajitwika kosa la fundi wake ili asimwaibishe, na kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kumwona mnyenyekevu, na jina la Fundi Moshi likabaki pale pale. Dohani ilijengwa upya kwa sentimita ishirini na nane kila upande, safari hii kwa mchoro wa fundi, na marehemu akatia sahihi chini yake, na tangu tarehe 2 Julai 2011 moshi haukuingia tena sebuleni, mume wake akarudi kwenye saa zake, na vidole vyake vikamtii kwa miaka kumi na miwili, lakini marehemu hakuwahi kuota moto ule kwa raha, akisema, "Mimi nimevishwa taji kwa kosa langu, naye amechekwa kwa kazi yake njema."

Mwezi wa Novemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa miezi saba, nyumbani na hospitalini, na akafariki dunia Alhamisi tarehe 15 Juni 2023, saa nne asubuhi, binti yake mkubwa akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla alimwambia binti huyo, "Mkinisomea, msinisomee sifa tupu, someni na vipimo, maana mtu hamdhanii marehemu kuwa anajinyenyekeza." Kaka zake walipinga, wakisema si adabu kusoma kosa la mtu mbele ya jeneza lake, na wakasema kwa upendo, lakini mume wake aliamua kwamba aliyewaambia watu wote ukweli wa nyumba zao hastahili kuzikwa na uongo wa nyumba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa subira, majirani waliopika, waliofagia na waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya ujenzi ambao hawakumsahau baada ya kustaafu. Inamshukuru pia fundi mwashi, ambaye amesimama nyuma kabisa kama ilivyo kawaida yake, na inamwomba asogee mbele akae pamoja na watoto wa marehemu. Mdomo ulikuwa mia moja na ishirini, dohani ishirini na mbili, na mkono uliochora ndio huu tunaouzika leo, basi yeyote miongoni mwetu aliyekuwa akimwita fundi huyu kwa jina la moshi, alitupe jina hilo kaburini pamoja na udongo wa kwanza, asitoke nalo hapa. Nawe mama yetu, ulichoagiza kisemwe kimesemwa mbele ya mashahidi, sasa pumzika, na amani ya Mola iwe juu yako.