Gundi Nyekundu

DEREVA: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Eti ni nani. Kaka yako.

DEREVA: Namba hii siijui.

FUNDI: Ya mteja, nimeazima. Ya kwangu ungepokea?

DEREVA: Nisingepokea.

FUNDI: Hata salamu imekufa—

DEREVA: Shikamoo, kaka.

FUNDI: Marahaba. Nani kakata mpira wa maji ya hita kwenye lori la Baba?

DEREVA: Ahaa. Umeshafikishiwa.

FUNDI: Mtu alipita hapa juzi akaniambia, dada yako yuko gereji ya Miwani, lori limefunguliwa boneti. Nikasema haiwezekani. Dada yangu, tumbo moja, anipite mimi mlangoni aende kwa Miwani?

DEREVA: Imewezekana.

FUNDI: Miwani! Mtu anayeziba tairi!

DEREVA: Kaka, nina kazi. Sema ulichopigia.

FUNDI: Nataka mnieleze hicho kikopo mlichofunga pale ubavuni.

DEREVA: Ni chujio la maji ya injini. Liko kama lile la oili. Tumelishika kwenye chasisi kwa—

FUNDI: Najua chujio la maji ni nini! Usinifundishe ufundi!

DEREVA: Umeuliza wewe.

FUNDI: Injini ile haikutoka na chujio. Walioiunda walikuwa wajinga?

DEREVA: Walioiunda hawajui yaliyoipata huku.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: ...umesema nini? Haloo? Rudia.

DEREVA: Nimesema sogea penye mtandao.

FUNDI: Sikiliza, mdogo wangu. Umeongeza viungio. Mpira mmoja ukichomoka mlimani, maji yote barabarani, na mzigo mgongoni. Utafanya nini? Utamwita Miwani aje na kandambili zake?

DEREVA: Kuna koki mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Nafunga zote, chujio linakaa pembeni, natembea. Na si maji yote yanayopita humo. Ni kidogo tu, yanachepuka kwenye mpira wa hita, yanachujwa, yanarudi kwenye pampu. Mengine yanaendelea na njia yake.

FUNDI: Umekaririshwa vizuri.

DEREVA: Nimefunga mwenyewe. Miwani alikuwa ananishikia taa.

FUNDI: [anacheka] Mungu wangu. Kwa hiyo sasa wewe ni fundi.

DEREVA: Nilikuja kwako kwanza. Umesahau? Nilikwambia mshale wa joto unapanda hata nikienda taratibu. Ulinijibuje?

FUNDI: Mimi sikumbuki kila—

DEREVA: Ulisema mguu wangu mzito. Ulisema nimefundishwa na mume wangu kuua magari. Mbele ya wateja wako, wakacheka.

FUNDI: Yalikuwa maneno ya gereji.

DEREVA: Na yale uliyomwambia Baba sebuleni? Nayo ya gereji?

FUNDI: Hayo yameshapita. Usinirudishe huko.

DEREVA: Ulisema shemeji yako aliendesha rejeta ikiwa kavu. Ulisema alilala kazini. Ndugu zake wapo, watoto wapo wamekaa kwenye mkeka—

FUNDI: Pampu ilikufa! Rejeta ikaziba! Injini nimeifungua mimi mwenyewe, nimeisuka upya, mpya kabisa, nimempa. Ikarudi imechemka. Ningesema nani kaiua? Shetani?

DEREVA: Mume wangu akavua funguo za lori kwenye mkanda, akaziweka mezani. Hakujibu hata neno.

FUNDI: Kwa sababu hana la kujibu!

DEREVA: Kwa sababu pale ni ukweni kwake.



FUNDI: Alijiondokea mwenyewe. Sikumfukuza kwako.

DEREVA: Karudi kwa mama yake kama kijana ambaye hajaoa. Mwanawe wa kike akimwona anauliza, baba, ni kweli uliharibu gari la babu? Haya. Tuyaache. Chujio tumelifungua leo asubuhi, hapa nyumbani kwangu.

FUNDI: Si ndiyo mmelifunga juzijuzi?

DEREVA: Lilikuwa limejaa. Miwani akalikata kwa msumeno, akalipasua, tukatandaza karatasi yake juani.

FUNDI: Kutu. Lori lenyewe la zamani, mlitegemea nini? Dhahabu?

DEREVA: Kutu ilikuwepo. Na mchanga. Na vipande vya gundi ya gasketi.

FUNDI: Gundi...

DEREVA: Nyekundu. Vidogovidogo, kama kucha zilizokatwa. Vingine virefu kama minyoo.

[Mtandao unakwaruza.]

DEREVA: Umenisikia?

FUNDI: Gundi nyekundu inauzwa kila duka la spea.

DEREVA: Sijasema haiuzwi.

FUNDI: Kila fundi anaipaka. Huyo Miwani pia—

DEREVA: Injini ile imewahi kufunguliwa na nani mwingine zaidi yako?

FUNDI: We, kuwa na adabu! Unaongea na mkubwa wako!

DEREVA: Nimeuliza tu.

FUNDI: Unataka kusema nilipaka gundi kama ninapaka siagi? Kwamba iliyozidi ikaingia njia za maji, nami sikuisafisha? Nina miaka kwenye kazi hii, watu wanaleta magari kutoka—

DEREVA: Yote hayo umeyasema wewe. Mimi nimesema nyekundu.

[Nyundo inagonga chuma upande wa Fundi.]

FUNDI: Acheni kugonga huko! Naongea na simu! ... Haloo.

DEREVA: Nipo.

FUNDI: Hiyo karatasi iko wapi?

DEREVA: Kwa nini?

FUNDI: Itupe. Nisikilize vizuri. Itupe, funga chujio jipya, basi. Hilo la kwanza ndilo linaloshika uchafu mwingi, hilo la pili nalo libadilishe mapema, usilisubiri. Na ukijaza maji injini iache ingurume huku hita iko wazi, hewa itoke. Kifuniko usikiguse ikiwa ya moto.

DEREVA: Kumbe hiki kikopo kina faida.

FUNDI: Nakusaidia na bado unanichoma!

DEREVA: Unajisaidia.

FUNDI: Baba ana presha, unajua hilo. Ukimpelekea takataka zile ukamwambia hiki na kile, akianguka, utajibu wewe. Mbele ya wote utajibu wewe.

DEREVA: Ulipomwambia mambo ya mume wangu presha ilikuwa imeenda wapi?

FUNDI: Nakuomba. Haya, umesikia? Nakuomba. Tuyamalize mimi na wewe.

DEREVA: Umechelewa, kaka.

FUNDI: Nimechelewa vipi?

DEREVA: Baba alikuwa hapa. Nilimpigia chujio likiwa bado juani. Alivaa miwani yake, akaokota kipande kimoja, akakisugua kwa kidole gumba. Akanusa. Akaniuliza kama injini imefunguliwa mahali pengine. Nikamwambia hapana.

FUNDI: Halafu?

DEREVA: Halafu akaniomba funguo za lori.

FUNDI: Anazipeleka wapi?

DEREVA: Alizipeleka kwa mkwewe, mume wangu. Kwa miguu, mpaka kwa mama mkwe wangu.

FUNDI: Baba? Mbona nyumba ile hajawahi kuikanyaga?

DEREVA: Leo kaikanyaga. Kamwomba radhi uani, mama mtu anasikia. Wamerudi pamoja. Mume wangu yuko chini ya lori sasa hivi anakaza koki. Tutakuwa tunapokezana usukani.



FUNDI: Na Baba yuko hapo?

DEREVA: Kaenda kupumzika ndani.

FUNDI: Presha?

DEREVA: Mzima. Kala, kacheka na wajukuu.

FUNDI: Kasemaje... juu yangu?

DEREVA: Hajakutaja.

FUNDI: Hata alipoiona ile gundi?

DEREVA: Hajakutaja, kaka. Nilikutaja mimi, akauliza kama chai imebaki.

FUNDI: Sikiliza, mpe simu. Mwamshe. Mwambie—

DEREVA: Injini inawashwa, sisikii. Namba ya Baba unayo.

FUNDI: Ngoja! Mwambie nakuja! Mwambie nimesema—

DEREVA: Namba unayo. Kwaheri.

FUNDI: Haloo? ... Haloo?