Shimo la Shaba la Mseti

Pale Buhemba, mbele ya karasha la kusagia mawe, kuna benchi lisilo na mwenyewe wala lisilokosa watu. Birika la Mama Gloria, muuza kahawa, likianza kufoka, na hoja nazo hufoka. Jioni hiyo Mseti aliwahi kufika, roho juu. Katika nchi hii ya dhahabu, yeye peke yake alichimba shaba, uani kwake, kwa ajili ya jiwe moja la kijani aliloliokota hapo akaamini ni shaba. Juzi kwaya ya kanisa ilikwenda naye Zambia, wakatembezwa kwenye hifadhi ya machimbo ya zamani ya shaba. Kurudi, anakuta mkewe Rhobi ameita fundi: lile shimo lijengewe choo. Kesho! Mseti alitaka wanabenchi wakamwombee kwa mkewe shimo libaki.

— Kule Zambia watu wanavaa viatu vizuri kwenda kuangalia shimo! Halina kitu. Wanachungulia, wanasema "aisee".

— Bure? akauliza Keraryo, aitwaye Meya kwa sababu hajawahi kushinda hata ubalozi wa nyumba kumi.

— Kwa kiingilio! Kuna mnara, kuna kofia za wachimbaji, kuna mtembezaji anaongea kwa huzuni.

— Huzuni tunayo, alisema Masanja, yule Satelaiti, anayenasa habari kabla hazijatokea. La kwako refu?

— Linameza ngazi nzima.

— Basi huo ni urithi! Wahenga walisemaga, mchimba kisima huingia mwenyewe. Maana yake mwenye shimo anaingia bure, wengine walipe.

— Wazungu wanakwenda Serengeti kuangalia simba, wanamkuta amelala, Meya akadakia. Shimo halilalagi!

— Tuweke taa, alisema Mseti.

— Tuweke lifti! Satelaiti alisimama. Ishuke mpaka itokee Zambia. Mtalii anaingilia Buhemba, anaibukia kwenye shaba yenyewe. Paspoti anagongewa katikati.

— Agongewe na nani? aliuliza Mama Gloria.

— Na wewe. Kahawa utauzia hukohuko.

— Choo cha Rhobi kimebomolewa na mvua, anajisitiri kwa jirani, nyie mnajenga lifti!

— Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, mama, Meya alimkemea, na hakuna aliyejua wakunga wameingiaje.

Mseti kifua kilimjaa. Alikwisha kuwaona wageni wamepanga foleni uani, kuku wakiwapisha. Akainuka awaongoze wenzake nyumbani, ndipo kijana mwenye pimamaji begani akasimama mbele yao. Alikuwa Clever, fundi mwenyewe.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Nimetoka kulipima lile shimo. Mama ananiambia baba anataka liwe la kumbukumbu. Sawa tu. Mle ndani kilitokaga nini?

Satelaiti alimtazama Meya. Meya alilitazama birika.

Mseti alianza kuhesabu kwa vidole. Mle ulitoka udongo, zikatoka kokoto, siku moja akatoka nyoka. Hata lile jiwe la kijani halikupata ndugu.

— Fundi, alisema mwishowe, unaanza saa ngapi?

— Alfajiri, baba.

— Ngoja jua litoke vizuri. Nataka kwanza nilipige picha.